Bibi Akivuma, Mashine Hunyamaza

Komeo la kwanza lilivunjika dakika ya kumi na nne. La pili, dakika ya kumi na moja. La tatu halikungoja hata watu wamalize chai: lilikatika shingoni kama muwa, kipande kikaruka kikagonga wavu wa kinga, na chumba cha majaribio kikanyamaza kama watoto waliovunja kioo cha jirani.

Aliyesanifu kitako kipya alikuwa amesimama nyuma ya dirisha nene, ameshika nyundo yake ndogo. Kwa ajili ya nyundo hiyo karakana nzima ilimwita Kinyundo. Jina alilopewa na wazazi lilibaki kwenye kitambulisho tu. Kazi yake ukiisikia utaidharau. Alisanifu vitako. Kitako ni pande la aluminiamu linalokaa kati ya mashine ya kutikisa na kifaa kinachopimwa. Mashine inatikisa kitako, kitako kinatikisa kifaa. Kitako chema ni mjumbe mwaminifu: kilichosemwa chini ndicho kinachofikishwa juu, neno kwa neno. Kitako kibaya ni mmbeya, hapa anatia chumvi, pale anameza, na kifaa kinahukumiwa kwa maneno ya kuambiwa. Kwa hiyo kitako lazima kiwe kigumu. Na ugumu si unene. Hilo Kinyundo alifundishwa na baba yake mdogo kabla hajajua kufunga kamba za viatu.

Makomeo yenyewe yalikuwa ya breki za lifti. Chuma cha ukubwa wa kiganja, kazi yake kuuma na kushika, ili umeme ukikatika lifti isiende zake chini na watu ndani. Karakana ilikuwa imeyapima kwa miaka kumi na moja, moja kutoka kila shehena, na halikuwahi kuvunjika hata moja. Yalifungwa kwenye majengo mengi ya mji, likiwemo lile ambamo Kinyundo aliishi na mama yake na huyo baba mdogo, ghorofa ya saba.

"Kitako chako hicho, dada," alisema Tingisha, mwendesha mashine, mtu wa kitambi na kicheko, ambaye kazi yake ndiyo iliyompa jina. "Ni mkazamwana mgeni. Anavunja vyungu ili ijulikane kuna mtu jikoni."

Watu wakacheka, na yeye akacheka nao kwa shingo upande. Meneja hakucheka. Alitazama vipande vitatu juu ya meza, akatazama saa, kisha akasema kwa upole uliokuwa mbaya kuliko ukali kwamba shehena inangoja, kwamba ripoti lazima isainiwe kabla ya saa kumi alasiri, na kwamba sahihi inayotakiwa ni ya msanifu wa vitako, si ya mtu mwingine. Kitako kipya kiondolewe. Arudishwe Bibi.

*

Bibi alikuwa kitako cha zamani. Baba mdogo ndiye aliyemsanifu, miaka ile alipokuwa na masikio yake. Alikuwa mpana kama mlango wa kabati, mbavu nene chini, na katikati ya mbavu ngozi nyembamba ya bapa, kwa kuwa mashine ya siku zile ilikuwa ndogo na haikuweza kubeba uzito. Alistaafishwa mwezi uliopita kwa kuwa matundu ya bolti yake yalikuwa yamelika. Jina alilipata kwa sauti. Mashine ilipopanda ngazi za mitikiso na kufika mia mbili thelathini na saba kwa sekunde, Bibi alivuma: sauti ya ajuza anayeshona huku amefumba mdomo. Na palepale mshale wa nguvu ya mashine ulishuka, kama kijana anayeshusha sauti mkubwa akizungumza. Mafundi waliupenda mchezo huo hata wakautungia msemo. Bibi akivuma, mashine hunyamaza. Kila fundi mpya alifundishwa msemo huo siku ya kwanza, kabla ya kuonyeshwa choo kilipo.

Kinyundo alimkuta stoo, pembeni, amefunikwa turubai. Alipolifunua, nywele za mkononi zikamsimama.

Bibi alikuwa akivuma.

Si kwa nguvu. Ni kama mtu anayeimba chumba cha tatu. Kinyundo akaweka kiganja juu ya ile ngozi ya bapa, ikamtekenya. Akamwita Tingisha, akamwambia azime mashine. Tingisha akajibu kutoka mlangoni kwamba mashine imezimwa tangu komeo la tatu, au hakuona? Kisha naye akausikia mvumo, na kicheko alichokuwa amekiandaa kikamrudia tumboni.

Akaingia, akaweka kiganja chake karibu na cha Kinyundo. Halafu nyuma ya ukuta kukasikika mlango wa chuma ukifunguka, kwa kishindo, na Bibi akanyamaza.

"Lifti ya mizigo," alisema Kinyundo. Alikuwa akijisemea mwenyewe. Ndiyo, lifti ya mizigo ilipita nyuma ya ukuta ule. Giaboksi ya lifti ina wimbo wake, mia mbili thelathini na saba kwa sekunde. Ndiyo maana makomeo yalipimwa kwa mtikiso huo zaidi ya mingine yote. Wimbo ule ndio ambao komeo husikiliza maisha yake yote. Na Bibi alikuwa akiuitikia kupitia ukutani.

Alipaswa kupumua baada ya kupata sababu. Hakupumua.

Alifanya kwanza lile alilolifanya kila siku. Akagonga kitako chake kipya kwa nyundo: tik, basi, kama kugonga jiwe la kaburi. Akagonga Bibi. Bibi akalia, akaendelea kulia, na Kinyundo akahesabu moja, mbili, tatu, akafika tisa sauti ikingali inazunguka mle ndani ikitafuta mlango.

"Debe tupu," alisema Tingisha, lakini hakumalizia methali.

Wakamfunga Bibi juu ya mashine. Kinyundo akaenda kwa watu wa kusubu chuma, akarudi na kopo la mchanga laini, akaunyunyiza juu ya ngozi ya bapa hadi ikawa nyeupe yote. Kisha akamwomba Tingisha apande ngazi taratibu. Mia moja, mchanga ukatulia. Mia mbili, ukaanza kuwashwa. Mia mbili thelathini na saba, Bibi akafungua koo, na mchanga ukakimbia. Ulikimbia kutoka katikati kwenda pembeni kama watu waliosikia mbiu ya hatari, ukajipanga kwenye kingo za mbavu, ukachora duara refu lenye ncha mbili. Ndani ya duara hapakubaki hata punje.

Lilikuwa jicho. Na katikati yake, palipokuwa patupu, kulikuwa na doa la rangi nyekundu, kubwa kama kifungo cha shati.

Doa hilo kila mtu pale alilijua. Mashine ya kutikisa ina sikio, kidude kidogo cha chuma kinachobandikwa kwa gundi juu ya kitako. Kwa sikio hilo mashine husikia inatikisa kwa kiasi gani, ikazidisha au ikapunguza. Doa jekundu lilikuwa alama ya baba mdogo: bandika sikio hapa. Kwa miaka kumi na moja walikuwa wakilibandika hapo.

Kinyundo akabandika sikio kwenye doa, na sikio la pili juu ya ubavu, pale komeo linapofungwa. Mashine ikapanda. Bibi alipovuma, doa likapiga kelele, mashine ikadhani imezidisha, ikashusha nguvu zake mara moja. Sikio la kwenye doa likasema: sawasawa. Sikio la kwenye ubavu likasema: sipati hata sehemu moja ya kumi.

Tingisha alivua kofia. Alikuwa na umri wa kumzaa Kinyundo, na kwa mara ya kwanza alionekana hivyo.

"Bibi akivuma," alisema polepole, "mashine hunyamaza." Akautazama mshale. "Mimi ndiye niliyeutunga msemo huu, dada. Nikauchekea miaka yote hii."

Makomeo hayakuwahi kupimwa. Yalibembelezwa.

*

Nyumbani palikuwa mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Saa saba na nusu Kinyundo alikuwa anapanda ngazi, na safari hii lifti hakuigusa.

Baba mdogo hakuwahi kuipanda. Tangu ahamie kwao, mkewe alipofariki, alipanda ghorofa saba kwa miguu, magoti yakilia, na kila ghorofa alisimama mbele ya mlango wa lifti, akaweka kiganja kwenye fremu, akakiacha kidogo, kama anayempima mgonjwa homa. Masikio yake yalikuwa yamekwisha kuzibwa na kelele za karakana. Alisoma midomo ya watu, na mengine aliyasikia kwa mkono. Mama alimtania bila huruma. Aliwaambia majirani kwamba shemeji yake anafanya mazoezi ya kupanda mbinguni, asije akahema mbele ya malaika. Mzee alitabasamu tu. Wakati mwingine alimwomba mama, kwa sauti ndogo ya mtu asiyeisikia mwenyewe, apande naye kwa ngazi. Mama akamwonyesha miguu yake iliyovimba, akamuuliza kama yuko tayari kumbeba.

Kinyundo alimkuta mzee mezani, peke yake. Mama alikuwa amekwenda kliniki. Kinyundo alichukua kikombe cha chumvi, akaimwaga juu ya meza, akaitandaza, kisha kwa kidole akachora lile duara lenye ncha mbili. Akafagia chumvi yote iliyokuwa ndani. Akabonyeza kidole katikati.

Baba mdogo alilitazama jicho. Uso wake haukushtuka. Ulikuwa uso wa mtu aliyengoja mgeni kwa muda mrefu hadi akasahau kuogopa hodi.

"Ulijua?" Kinyundo aliumba neno kwa midomo, sauti haikutoka.

"Mwaka wa pili," alisema mzee. "Sikio nililibandika pale kwa sababu palikuwa bapa. Gundi inashika vizuri penye bapa. Nilikuwa na haraka ya kurudi nyumbani, basi. Hakuna zaidi ya hapo, mwanangu. Mwaka wa pili nikamwaga mchanga, nikaliona linanitazama."

"Ukafanya nini?"

"Nikalifuta kwa kiganja."

Akaeleza kidogokidogo, akitazama chumvi. Makomeo mia nne yalikuwa yameshatoka. Alijiambia atasema kesho. Kesho ina watoto wengi, alisema; kila ukimpakata mmoja, mwingine analia. Halafu masikio yakaanza kufa, na akafikiri labda ndiyo adhabu, imeisha. Lakini haikuisha. Akanyoosha mkono wa kulia, ule uliofuta mchanga, akamwambia ashike.

Kinyundo akaushika. Ulikuwa mkavu, wa moto, na ulikuwa ukitetema. Si tetemeko la uzee, lile la kikombe kinachomwaga chai. Lilikuwa jembamba, la kasi, halipandi wala halishuki. Viganja vya Kinyundo vilikuwa vimefanya kazi ile miaka sita. Hakuhitaji mashine kumwambia idadi.

"Haujanyamaza tangu siku ile," alisema mzee. "Nikiuweka kwenye mlango wa lifti, unanyamaza kidogo. Unasikiliza. Komeo likiwa zima, unajua. Asubuhi hii haukunyama—"

Feni ikasimama. Jokofu likakohoa, likakata. Umeme.

Na kutoka chini, ndani ya kifua cha jengo, wakasikia kitu kizito kikishtuka na kusimama. Yaani Kinyundo alisikia. Baba mdogo alikuwa ameshaweka kiganja kwenye meza, macho yamemtoka.

"Kuna mtu ndani," alisema.

Simu ya Kinyundo ikaita. Alikuwa mama. Alilalamika kwamba amekwama, ghorofa ya nne au ya tano hajui, kuna giza na joto, na kwamba amwambie shemeji yake asithubutu kucheka.

*

Jengo lile lilikuwa na jenereta. Umeme ukikatika, baada ya dakika tatu linajiwasha lenyewe, komeo linaachia, mota inazunguka, giaboksi inaimba wimbo wake. Siku nyingine zote dakika hizo tatu zilikuwa ndefu.

Kinyundo alikimbia kwenda juu, si chini. Chumba cha mota kilikuwa juu ya ghorofa ya tisa. Alimwambia baba mdogo ashuke ghorofa ya tano amwambie msimamizi wa jengo afungue mlango kwa ufunguo wa mkono, na mzee akashuka akijishika ukutani, magoti au si magoti. Ngazi zikammaliza Kinyundo pumzi. Mlango wa chumba cha mota ulikuwa na kitasa kibovu. Akakigonga kwa nyundo mara mbili, kikakubali. Ndani palikuwa na giza na harufu ya grisi. Akapapasa ukutani akitafuta swichi kuu. Akaipata, akaishusha kwa mikono miwili, na palepale, mbali chini, jenereta likanguruma.

Taa za ngazi zikawaka. Mota haikuzunguka.

Akawasha tochi ya simu. Komeo lilikuwa pale, mbele ya macho yake, limeuma gurudumu la breki. Shingoni lilikuwa na mstari mwembamba kama unywele uliodondoka kwenye sahani. Mstari ulizunguka karibu shingo yote. Kilichobaki kikishikilia lifti, na mama, na miguu yake iliyovimba, hakikuzidi upana wa ukucha wa kidole kidogo.

Mota ilikuwa imelala. Swichi alikuwa ameishusha mwenyewe, mkono wake ulikuwa ungali juu yake. Hakuna kilichokuwa kikizunguka katika chumba kile. Lakini komeo lilikuwa likivuma, mdomo umefumbwa, kama ajuza anayeshona, na mvumo ulikuwa unapanda.

Kinyundo hakufikiri. Mtu anayesikia kitu kinalia hukishika. Aliweka kiganja juu ya komeo, pale shingoni, akabana, kama unavyobana kengele ili isiendelee. Liliuma kama moto. Mvumo ukaingia mkononi, ukapanda hadi kwenye kiwiko, na ukatulia. Alikaa hivyo, amepiga magoti kwenye grisi, akihesabu, akasahau amefika ngapi, hadi aliposikia kwenye uwazi wa lifti sauti ya mama yake ikimwambia msimamizi wa jengo amvute taratibu, yeye si gunia, na kwamba wamemtoa kama mkate kwenye tanuri.

Ndipo alipoachia. Komeo likakatika. Lifti tupu ikaondoka, na muda ukapita kabla ya kishindo.

*

Meneja alipiga simu saa tisa na nusu. Alitaka kujua Bibi amesemaje. Kinyundo alikuwa ameketi kwenye ngazi za ghorofa ya tano kati ya mama yake, aliyekuwa hajatamka utani wowote kwa robo saa nzima, na baba mdogo. Alimweleza meneja yote, jicho na doa na unywele shingoni. Meneja akasema kile alichoogopa kukisema: kwamba Bibi amepitisha makomeo miaka kumi na moja.

"Bibi hakupitisha kitu, bosi. Bibi alikuwa anaimba ili mashine isisikie. Ninaandika kwamba yameanguka mtihani, yote, toka shehena ya kwanza. Nataka orodha ya majengo."

"Na jina la aliyebandika sikio pale utaliandika?"

Kinyundo alimgeukia baba mdogo, akamrudia swali kwa midomo. Mzee alikuwa akisoma midomo yake tangu mwanzo. Alitikisa kichwa kukubali, akachukua kalamu iliyokuwa kwenye mfuko wa shati lake, na juu ya karatasi ya kliniki ya mama akaandika jina lake kamili, herufi kubwa, bila mkono kuyumba. Wote watatu wakautazama mkono ule. Ulikuwa umetulia kama jiwe. Mzee akaufunga, akaufungua, akauweka kwenye ukuta, akauweka kwenye fremu ya mlango wa lifti. Machozi yakaanza kumtoka taratibu.

"Umenyamaza," alisema.

Orodha ilifika kabla ya jioni. Majengo mia moja na kumi na mawili. Kinyundo aliipokea kwa mkono wa kushoto. Wa kulia alikuwa ameuficha chini ya kanga ya mama tangu aliposhuka kutoka juu, ili mtu asiuone. Haukuwa unauma. Ulikuwa unatetema tu, kwa wembamba, kwa kasi, haupandi wala haushuki.

Akapiga simu jengo la kwanza, akamwambia msimamizi azime lifti, sasa hivi, maelezo baadaye. Akangoja hadi yule mtu akarudi kusema tayari imezimwa. Chini ya kanga, mvumo ukapungua kidogo, kidogo mno, kiasi ambacho mtu mwingine yeyote asingekihisi.

Akaweka alama, akateremka mstari wa pili.